Pumzi ya saa tatu: kisa cha mtahiniwa aliyejua majibu lakini hamalizi pepa

Kisa hiki kimetoka katika kituo kimoja cha masomo ya jioni ndani ya Jiji la Dodoma. Jina la mtahiniwa, jina la kituo, kata na mwaka vimeondolewa, na mambo machache yasiyogusa hoja yamebadilishwa ili asitambulike. Dakika na alama zimeachwa kama zilivyokuwa kwenye daftari la kituo.

Mtahiniwa na siku yake

Ni binti wa miaka 20. Alimaliza kidato cha nne katika sekondari ya kata akapata daraja la nne, pointi 28: Kiswahili C, masomo matano D, Hisabati F. C moja ni krediti moja, na anayetaka kufika kwenye mtihani wa kidato cha sita anatakiwa awe na krediti tatu. Akajisajili kurisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea katika masomo manne. Historia na Jiografia ndizo zilizobeba matumaini, kwa sababu alitaka kusoma HGK, yaani Historia, Jiografia na Kiswahili, kwenye kidato cha sita. Kiingereza na Hisabati aliziongeza, kwa maneno yake, "za kujaribu bahati".

Kazi yake ilikuwa kwenye mgahawa karibu na stendi. Anaamka saa 10 alfajiri kukanda unga wa chapati, anatoka saa 8 mchana, anaingia darasani saa 10 jioni mpaka saa 1 usiku. Alfajiri anakunywa chai ya rangi tupu. Chakula cha kwanza ni saa 5 asubuhi, wateja wakishapungua. Usiku anajilaza na simu mpaka saa 5, ndani ya makundi ya WhatsApp ya past pepa: swali moja, majibu yake, video ya dakika 6, meseji, swali jingine.

Walimu walisema ana bidii, na bidii kweli alikuwa nayo. Lakini ukiihesabu wiki yake yote, hapakuwa na siku hata moja aliyokaa kwenye kiti kimoja na kazi moja kwa zaidi ya dakika 40 mfululizo. Mtihani wa Taifa unamtaka akae dakika 180, kuanzia saa 2 asubuhi, saa ambayo mwili wake ulizoea kubeba sahani.

Pepa la kwanza: dakika zilikwenda wapi

Mwishoni mwa Julai alipewa pepa kamili la Historia katika mtindo wa Baraza la Mitihani. Sehemu A ni maswali mawili ya alama 16 (ya kuchagua na ya kuoanisha), Sehemu B ni maswali sita ya alama 9 kila moja, Sehemu C anachagua insha mbili za alama 15 kati ya tatu. Jumla ni alama 100 kwa saa tatu. Mwalimu aliongeza sharti moja tu: kila anapoanza swali, aandike saa pembeni kwa penseli.

Hesabu ya pembeni ilitoka hivi:

Sehemu A: dakika 41
Swali la 3: 19
Swali la 4: 21
Swali la 5 (ramani): 33
Swali la 6: 16
Swali la 7: 7
Swali la 8: halikuguswa
Insha ya kwanza: 37
Insha ya pili: 6, utangulizi tu

Alama zilikuwa 38, yaani D ileile. Binti aliporudishiwa pepa alisema, "Mwalimu, muda haukutosha." Mwalimu akamgeuzia ukurasa wa ramani. "Muda ulikuwepo. Huu hapa, umeununulia pwani."

Ramani ile inafaa kutazamwa kwa karibu. Swali lilitaka mchoro wa Afrika na maeneo machache yaonyeshwe. Karatasi ilikuwa imechubuka kwa kufutwa: Pembe ya Afrika ilichorwa mara tatu, ghuba ya Guinea mara mbili, na ukingo wote ukapitiwa upya kwa wino. Dakika 33 kwa alama 9. Mwongozo wa kusahihisha ulitoa alama kwa maeneo yaliyowekwa mahali pake, kichwa cha ramani, ufunguo na dira. Uzuri wa pwani haukuwa na hata nusu alama. Na kichwa cha ramani alikisahau.

Sehemu A nayo iliteketeza dakika 41 kwa alama 16, kwa sababu kila swali la kuchagua alilisoma mara tatu au nne akiogopa "kupiga ramli". Katika mtihani huu jibu lisilo sahihi halimpunguzii mtu alama, kwa hiyo kubaki pale dakika ya tatu hakukumwongezea kitu.

Kesho yake jioni alipewa swali la 8 na ile insha ya pili, bila saa. Swali la 8 akapata 7 kati ya 9. Insha akapata 9 kati ya 15, wakati siku iliyotangulia utangulizi ulimpa 1. Jumlisha: 38, ongeza 7, ongeza 8, ni 53. Hiyo ni C, kwa kuwa C inaanzia 45. Elimu ya kupata C alikuwa nayo kichwani tayari siku ile anapata D.

Hisabati ilionyesha jambo jingine. Alipata 22, akaacha maswali matano bila kuyagusa, na dakika 29 zilikwenda kwenye swali moja la logarithimu ambalo alinakili tarakimu vibaya mstari wa pili. Mwalimu akayachambua makosa yake mafungu mawili: ya kutojua, na ya mkono, yaani alama ya kutoa iliyodondoka, 6 iliyogeuka 0, jibu sahihi lililonakiliwa vibaya. Makosa ya mkono katika dakika 90 za kwanza yalikuwa 3. Katika dakika 90 za mwisho yalikuwa 11.

Hapo ndipo kisa chenyewe kilipo. Akili ikichoka haisahau kwanza. Kwanza inaacha kujikagua. Mtahiniwa anaendelea kuandika, kalamu inakwenda, yeye mwenyewe anaona yuko sawa, lakini yule mkaguzi wa ndani anayesema "hebu rudia huo mstari" ameshalala. Ndiyo maana wengi hutoka chumba cha mtihani wakiapa kwamba pepa lilikuwa jepesi.

Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza uliwagawa walimu: kwa wiki 14 zilizobaki, vipindi vya Jumamosi visiwe vya kufundisha topiki mpya. Mwalimu wa Jiografia alipinga akisema bado kuna topiki mbili hazijaguswa, na hoja yake haikuwa ya kupuuza. Jibu lilikuwa lile pengo la 38 na 53. Topiki mpya ingempa alama chache ambazo asingefika kuziandika.

Wa pili, kila alama ipewe bei ya dakika. Dakika 180 kwa alama 100 ni dakika 1.8 kwa alama, lakini mtu akizigawa zote namna hiyo hana akiba. Historia ikapangwa hivi: kusoma pepa zima na kuchagua insha dakika 7, Sehemu A dakika 18, maswali sita ya Sehemu B dakika 15 kila moja, jumla 90, insha mbili dakika 25 kila moja, jumla 50, akiba na ukaguzi 15. Hisabati ina maswali 14 na yote hufanywa, kumi ya alama 6 na manne ya alama 10: kusoma na kuweka alama za kuchagua dakika 6, maswali ya alama 6 dakika 9 kila moja, ya alama 10 dakika 16, akiba 20.

Bei bila sheria ya kutoka haina kazi. Sheria yake ilikuwa fupi: dakika zikiisha, maliza mstari, acha nafasi, chora duara kwenye namba ya swali katika karatasi ya maswali, ondoka. Kurudi ni kwa dakika za akiba tu. Ugumu ulikuwa kwenye kuondoka. Mtu aliyebakiza hatua moja anahisi anatupa mali. Alielezwa kwa hesabu: alama mbili za mwanzo za swali jipya hupatikana kwa dakika mbili au tatu, alama ya mwisho ya swali gumu inaweza kula kumi.

Wa tatu, mpangilio. Insha zilitolewa mwisho zikawekwa katikati: Sehemu A, kisha insha zote mbili, kisha Sehemu B. Insha inadai kupanga hoja na kuandika Kiingereza kirefu, kazi isiyofaa kuachiwa dakika ya 150. Maswali mafupi ya Sehemu B yanavumilia uchovu zaidi kwa sababu kila moja lina mlango wake. Ukiharibu moja hujaharibu linalofuata. Hisabati ilifuata njia nyingine: katika zile dakika 6 anaweka tiki kwa anayoyaweza, wimbi kwa anayoyajua nusu, mkasi kwa yasiyojulikana, halafu anafanya tiki zote kwanza.

Wa nne, mwili. Asubuhi ya mazoezi ale saa 12:45: uji wa ulezi na yai, au viazi vitamu, si chai tupu. Maji nusu lita yaishe kabla ya saa 1, halafu mafunda tu, maana mwanzoni alikuwa hanywi kabisa kwa kuogopa kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Kulala saa 3:30 usiku. Simu ilibaki kwenye droo ya mwenye mgahawa kuanzia anapoingia darasani.

Hili la mwisho na la Jumamosi lilihitaji kuongea na bosi. "Mama, naomba Jumamosi niwe naingia saa 7 mchana." "Na chapati atakanda nani?" Wakakubaliana akande Ijumaa usiku, unga ulale kwenye beseni lililofunikwa, na asubuhi mwenzake asukume. Jambo dogo, lakini mpango wa masomo usiojua nani atakanda chapati hufa wiki ya pili.

Wiki 14

Wiki mbili za kwanza alijaza daftari la dakika tu, kila zoezi, hata la nusu saa. Wiki ya 3 alianza vikao vya dakika 60 mara nne kwa wiki: kiti kimoja, kazi moja, hakuna kunyanyuka.

Wiki ya 4 kituo kilikosea. Kwa kuona dakika 60 zimekwenda vizuri, mwalimu akamrukisha hadi pepa zima la dakika 180, Jumamosi na Jumapili. Jumamosi alifika dakika ya 120 akaanza kuandika sentensi zisizokamilika. Jumapili hakuja. Aliporudi Jumatano alisema kichwa kilimuuma siku nzima na alikuwa amefikia kuamini kwamba "hii kitu si ya kwangu". Pumzi ya akili inafanana na ya miguu hapa: aliyezoea kilomita tano ukimpeleka ishirini kesho, humwongezei pumzi, unamfundisha kuiogopa barabara.

Wakarudi nyuma. Wiki ya 5 dakika 60 tena, wiki ya 6 hadi ya 8 dakika 100, wiki ya 9 hadi ya 11 dakika 140, wiki ya 12 na 13 mapepa kamili mawili kwa wiki, wiki ya 14 kupunguza: vikao vya dakika 60 tu, na kulala. Siku hazikuongezwa, vilirefuka vikao vyenyewe, na kikao kirefu hakikufuatana na kingine bila siku ya kupumzika katikati.

Ndani ya kikao kulikuwa na mapumziko ya nusu dakika kila panapoisha sehemu, takribani kila dakika 45. Kalamu chini. Vidole vifunguliwe na kufungwa mara tano. Mabega yashuke. Macho yatazame ukuta wa mbali, yasitazame karatasi, na pumzi itoke taratibu mara tatu. Jumla ni kama dakika moja na nusu kwa pepa zima. Mwanzoni aliona ni kupoteza muda. Alikubali alipoona wiki ya 9 makosa yake ya mkono baada ya dakika 90 yameshuka hadi 5.

Mkono wenyewe ulikuwa tatizo ambalo hakuna aliyelitarajia. Kufikia ukurasa wa tano kidole gumba kilikuwa kinauma na mwandiko unalala. Alikuwa akiibana kalamu karibu kabisa na ncha na kukandamiza hadi wino unatokea upande wa pili wa karatasi. Dawa ilikuwa kushika juu kidogo na kuandika insha moja kamili kwa mkono kila siku mbili. Wanaosomea kwenye simu wajue hili: kusoma majibu mia moja hakuuandai mkono kuandika hata moja.

Insha ilipewa ratiba yake ya dakika 25: 4 za kupanga hoja sita, 3 za utangulizi, 15 za hoja zenyewe, yaani dakika mbili na nusu kila hoja, 3 za hitimisho. Katika kupanga aliruhusiwa kuandika neno kwa lugha yoyote inayomjia kwanza. "Ardhi", "kodi", "manamba" yanatosha kushika hoja. Kilichokuwa kinamlia muda ni kufikiri sentensi nzima kwa Kiswahili kisha kuihamishia Kiingereza. Kwa ramani, alichora Afrika mara moja kila jioni kwa dakika 4, akishika alama tano tu: Suez, Pembe ya Afrika, Rasi ya Tumaini Jema, kona ya ghuba ya Guinea, na nundu ya magharibi. Baada ya wiki tatu ilikuwa ramani isiyopendeza inayotambulika, na hicho ndicho kilichotakiwa.

Jaribio moja liliachwa haraka. Mwalimu wa Hisabati aliweka kengele ya simu ilie kila dakika 15. Ilimfanya aruke kitini na kuhesabu muda badala ya swali. Ikaondolewa, zikabaki nukta tatu za kutazama saa: mwisho wa Sehemu A, katikati ya pepa, na zikibaki dakika 30.

Pia sheria ya kuruka maswali ilizaa kosa lake. Wiki ya 10, katika Hisabati, alifanya swali la 7 akaliandikia namba 8. Kuanzia hapo akawa anaandika namba na kuipigia mstari kabla ya kusoma swali, si baada ya kulifanya.

Pepa la mwisho la majaribio, Historia: alimaliza yote, alama 57. Hisabati 36.

Siku za mtihani

Tukumbuke hali ya hewa. Mazoezi yalianza Julai, wakati asubuhi ya Dodoma ni ya sweta na upepo wa vumbi. Novemba, mvua bado haijaanza vizuri, joto linapita nyuzi 30, na chumba cha mtihani kimeezekwa bati lisilo na dari.

Historia ilikuwa asubuhi. Alipoketi aligundua saa ya ukutani iko nyuma yake. Kwenye mazoezi saa ilikuwa mbele siku zote. Kugeuka kuitazama kungeweza kutafsiriwa vibaya na msimamizi, naye akaogopa. Alichofanya hakikufundishwa na mtu: alijua kutokana na daftari lake kwamba ukurasa mmoja wa insha unamchukua kama dakika 11, akahesabu kwa kurasa. Aligeuka mara moja tu, katikati. Alimaliza maswali yote na kubaki na dakika 4 badala ya 15.

Kiingereza kilipita bila tukio.

Kisha ikaja siku ya mapepa mawili, Hisabati saa 2 asubuhi na Jiografia saa 8 mchana. Hisabati ilikwenda kwa mpango: tiki saba, wimbi nne, mkasi tatu, tiki zote akazimaliza kabla ya nusu ya muda. Saa 5 alitoka nje akakuta watahiniwa wamekusanyika chini ya mwarobaini wanasahihishana swali la "linear programming", lile la kuchora mistari na kutafuta eneo linalokubalika. Akasimama nao dakika 40. Akagundua kwamba alama yake ya "kubwa kuliko" ilielekea upande usio wake. Saa 6:30 alikula sahani ya kawaida ya wali na maharage, kwa sababu ndiyo chakula cha mchana siku zote, akakaa kivulini akiendelea kulifikiria lile swali.

Saa 9 alasiri, chini ya bati, alikuwa kwenye swali la kusoma ramani. Kipimo 1:50,000, apime urefu wa barabara iliyopinda kwa kutumia uzi. Alipata sentimita 11.4. Kwa kipimo hicho sentimita 2 ni kilomita 1, kwa hiyo jibu ni kilomita 5.7. Alipima tena, halafu tena, akagawanya kwa 2 akapata 5.7, kisha akagawanya tena kwa 2 na kuandika 2.85. Jioni ile ile alipomweleza mwalimu alikumbuka namba zote na hakuelewa ile 2.85 ilitoka wapi. Sheria ya kutoka kwenye swali aliivunja mara mbili, na swali moja la mwisho aliliandika kwa maneno matatu.

Matokeo

Historia C. Kiingereza C. Hisabati D, kutoka F. Jiografia D, ileile.

Baraza hutoa gredi, si alama ghafi, kwa hiyo hakuna anayejua alipita C ya Historia kwa alama ngapi wala aliikosa ya Jiografia kwa ngapi. Uchambuzi wa siku zenyewe unategemea maelezo aliyoyaandika jioni ya kila pepa.

Pamoja na Kiswahili cha mwanzo, krediti zilifika tatu. HGK aliyoitaka haikuwezekana bila Jiografia. Krediti alizonazo ni za HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, na somo lililomwokoa ni lile la kujaribu bahati. Alianza maandalizi ya kidato cha sita mwaka uliofuata.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kile cha bei ndogo kuliko vyote: penseli pembeni mwa swali. Kabla ya daftari la dakika, kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mwalimu mmoja alisema binti hajui, mwingine alisema ana woga, mwenyewe alisema muda ni mfupi. Namba 33 mbele ya swali la ramani ilimaliza ubishi. Kituo kingeweza kuanza na hili mwezi Machi badala ya Julai, na kuchelewa huko ni kosa la kituo, si la mtahiniwa.

Kuongeza pumzi hatua kwa hatua kulisaidia, lakini tuwe waangalifu kabla ya kusema sifa zote ni zake. Makosa ya mkono yalishuka kutoka 11 hadi 5 kufikia wiki ya 9, wakati vikao vilikuwa vimefika dakika 140. Ndani ya wiki hizohizo alianza pia kula kabla ya saa 1 na kulala karibu saa moja na nusu zaidi. Kwa mtahiniwa mmoja huwezi kuvitenganisha. Maoni yetu ni kwamba chakula na usingizi vilimrudishia pumzi aliyokuwa anaipoteza bure, na mazoezi yakaongeza juu yake. Anayekesha akipiga msuli mpaka majogoo halafu anafanya pepa la majaribio anapima uchovu wake, hapimi elimu yake.

Mpangilio wa insha katikati ulifaa kwa huyu, kwa kuwa udhaifu wake ulikuwa Kiingereza kirefu. Kwa mtahiniwa anayeandika kwa urahisi lakini anayesahau tarehe na majina, huenda Sehemu B ingestahili kutangulia. Utaratibu huu usinakiliwe bila kwanza kusoma daftari la dakika la mhusika.

Kilichoshindikana kina jina moja: alasiri. Mapepa yote kamili ya majaribio yalifanywa saa 2 asubuhi, na hakuna hata siku moja yaliyofuatana mawili. Kituo kilimwandaa kwa dakika 180, ratiba ikamdai 360 na joto juu yake. Saa tatu za katikati hazikupangwa kabisa, na ndizo zilizomwangusha kuliko pepa lenyewe: dakika 40 za mwarobaini, sahani nzima ya wali, na swali lililokwisha kukusanywa alilolibeba hadi chumba cha pili. Jibu la 2.85 ni kosa la mkono la dakika ya 60. Kwa binti huyu makosa ya namna hiyo yalikuwa yameshahamia baada ya dakika ya 90. Pumzi yake ilianza kukatika kabla pepa halijaanza.

Saa ya nyuma ya mgongo ni kosa la aina ileile, dogo zaidi: mazoezi yalikuwa sahihi kwa muda na si sahihi kwa chumba. Bahati yake alikuwa na kipimo cha kurasa.

Muhula uliofuata kituo kilibadilisha Jumamosi za Oktoba. Pepa la kwanza saa 2 hadi saa 5. Mtahiniwa akitoka haruhusiwi kusimama na wenzake. Anakwenda kunawa uso na kula saa 5:30, nusu sahani, wali kidogo, mboga na matunda. Saa 6 hadi 6:20 anajilaza, si zaidi, akiamshwa na mtu. Halafu anatembea kivulini, anakunywa maji, anapitia ukurasa mmoja wa pepa la pili na kufunga daftari. Saa 8 anaingia chumba cha bati, madirisha ya upande wa jua yakiwa yamefungwa, saa ya ukutani ikiwa imetundikwa nyuma.